Koti la kutetea tasnifu

Kamati ya darasa letu la mwisho imependekeza kila anayetetea tasnifu avae suti mpya, ya kitambaa kimoja, iliyoshonwa na fundi mmoja. Bei tuliyotajiwa ingemlisha mwanafunzi miezi miwili. Nilipouliza kama mtu anaweza kuja na koti la mitumba lililopigwa pasi vizuri, watu walicheka. Mwenzangu mmoja akasema, "Kaka, unataka kutetea Kiswahili kwa nguo za marehemu?"

Nilicheka nami, lakini hilo neno marehemu halikunitoka kichwani, maana lina historia yake. Tanzania ya zamani nguo hizi ziliitwa kafa Ulaya, yaani mwenyewe amekufa huko, nguo imekuja kwetu. Jina lililoenea leo ni mitumba, wingi wa mtumba, mzigo wa nguo uliofungwa. Mitumba ya aina hiyo, ingawa ya vitambaa vipya, ndiyo wapagazi waliyoibeba katika misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Jina moja linamtazama aliyeitoa nguo, jingine linautazama mzigo. Majirani zetu wamemtazama mnunuzi. Zambia husema salaula, neno la Kibemba la kupekua rundo na kuchagua. Rwanda na Burundi wamekichukua kitenzi chetu chagua na kukifanya jina la bidhaa yenyewe. Wanyarwanda huandika caguwa. Kitenzi cha kuamrisha kimevuka mpaka kikawa nomino! Sijui kwa nini hatukifundishi darasani.

Mimi nashikilia chagua, kwa sababu ndilo jina linaloonyesha fedha inaokolewa wapi. Bei ndogo peke yake haiokoi kitu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua suruali tatu kwa bei ya kutupa, na hakuna hata moja iliyofika mitihani. Aliyenifunza ni mama mdogo, anayeuza nguo hizi sokoni hapa Manono. Anza na kwapa, alisema, kisha kola, kwa kuwa ndiko jasho linakokula kitambaa. Inyanyue nguo uitazame dhidi ya jua. Vuta mshono kwa vidole viwili. Funga zipu na kuifungua mara tatu mbele ya muuzaji, bila aibu. Koti chukua kubwa kidogo, fundi anaweza kupunguza, hawezi kuongeza. Na ujue saa: balo likifunguliwa asubuhi, vilivyo vizuri viko juu na bei haishuki, jioni bei inashuka, lakini kilichobaki kimeshapita mikononi mwa watu wengi wenye macho. Wachuuzi wa Gikomba, Nairobi, wana majina ya ngazi hizo: nguo bora ni kamera, za mwisho ni fagia.

Koti langu lilinigharimu faranga 15,000, na fundi akachukua 5,000 kulibana mabegani. Ni mwaka wa tatu sasa ninalivaa. Tofauti ya bei kati yake na suti ya kamati inatosha kuchapisha na kujalidi nakala zote za tasnifu yangu, na kubaki na nauli.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kwamba mitumba imezika viwanda vyetu. Hoja hiyo si nyepesi. Kalemie palikuwa na Filtisaf, kiwanda cha kusokota na kufuma pamba, nacho kilinyamaza zamani. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizi sokoni taratibu. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Wengine walirudi nyuma. Kongo imeingia katika Jumuiya hiyo tangu 2022, kwa hiyo mjadala huo ni wetu pia, na ninataka uendelee. Ila kitambaa cha suti ya kamati nacho kimetoka nje ya nchi, kipya kabisa. Hakuna mashine itakayoamka Kalemie kwa sababu mwanafunzi wa Manono amekopa fedha za suti.

Wenzetu wawili wameshasema watasubiri kikao kijacho cha utetezi. Tasnifu zao zimekwisha. Mojawapo nimeisoma, inahusu nomino za Kiluba, na ni bora kuliko yangu. Kinachokosekana ni suti.

Kamati inakutana Jumamosi. Nitakwenda nimevaa koti langu, na nitaomba sharti liandikwe hivi: "Mtetezi avae nguo safi, iliyopigwa pasi, ya rangi nyeusi au buluu." Neno mpya lisiwemo.