Daftari la Wiki: Mkono wa Charlene

Ijumaa usiku niliirudia *Heat*, filamu ya Michael Mann ya mwaka 1995, kwa muda wa saa tatu kasoro dakika kumi bila kunyanyuka. Mara ya kwanza niliiona katika kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri akipaza sauti juu ya sauti za waigizaji. Tulitoka tukibishana nani steringi na nani adui, maana steringi hafi, na hapa hatukuwa na hakika ni yupi. Tulichokubaliana wote ni risasi. Mann aliacha milio ileile iliyonaswa katika mitaa ya Los Angeles wakati wa kupiga picha, ikigonga kuta za maghorofa na kurudi. Bado inanitetemesha.

*

Siku hizi lakini naisubiri kahawa. Mpelelezi Vincent Hanna (Al Pacino) anamsimamisha jambazi Neil McCauley (Robert De Niro) barabarani usiku, na badala ya pingu anamkaribisha kikombe. Wanakaa, wanaongea ndoto zao, kisha kila mmoja anamweleza mwenzake, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba ikibidi atamuua. Wote wawili walikuwamo katika *The Godfather Part II* ya 1974 bila kukutana hata mara moja, kwa hiyo watazamaji walikuwa wamengoja miaka 21. Mann aliwapa meza tu, na kamera mbili zikipiga kwa wakati mmoja ili uso wa mmoja ukibadilika, jibu la uso wa pili lisipotee. Kahawa hiyo ilinywewa kweli: Chuck Adamson, askari wa Chicago, aliketi na mwizi aitwaye Neil McCauley, na mwaka 1964 akamuua kwa risasi.

*

Kipande ninachokipenda kuliko vyote hakina hata neno moja kati ya wawili wanaopendana. Polisi wamemficha Charlene (Ashley Judd) ndani ya nyumba ili awe chambo cha mumewe, Chris, wa genge la McCauley. Akikataa, atafungwa na mtoto atachukuliwa. Anatoka barazani ghorofani. Chris yuko chini, nywele kazikata, anatabasamu. Charlene anamtazama, kisha mkono wake unateleza kidogo tu juu ya ukuta wa baraza: ondoka. Tabasamu linakufa. Chris anarudi garini. Ndoa hii tuliiona ikiwa ya matusi na vyombo kuvunjwa, na katika ishara ile ndogo mwanamke anaweka rehani maisha yake kwa mtu ambaye hatamwona tena. Nililia, nakiri.

*

Nisichokipenda ni bafu. Lauren, binti wa kambo wa Hanna, tunamwona asubuhi moja akihangaikia vibanio vya nywele kwa sababu baba yake mzazi anakuja kumchukua, halafu mara moja tena kwenye kituo cha basi. Kisha Hanna anamkuta kajikata ndani ya maji. Filamu yenye subira ya kusikiliza majambazi wakipanga kazi haikumpa mtoto huyu dakika tano za kusikilizwa. Hospitalini mazungumzo yanakuwa ya Hanna na mkewe, peja inalia, na Hanna anashuka ngazi mbio kwenda kuwinda. Damu ya mtoto imetumika kama daraja, na hilo linaniuma kila ninapolifikia.

*

Breedan naye. Katoka jela, anachoma nyama mgahawani, na meneja anamkata asilimia 25 ya mshahara. Mkewe Lillian anamwambia anajivunia yeye. McCauley anapomhitaji dereva wa wizi, Breedan anamsukuma meneja chini na kuondoka, na saa chache baadaye ameuawa kwenye usukani. Lillian anaiona habari kwenye televisheni ya baa. Kibandani tukio hili lilitupita kabisa. Tulikuwa bado tunasimuliana risasi.