Sultan Qaboos: Bahasha moja iliyoamua nani atawale Oman

Sultan Qaboos bin Said wa Oman alifariki dunia Januari 10, 2020 akiwa na umri wa miaka 79. Alitawala tangu Julai 1970, karibu nusu karne. Waomani wengi walizaliwa, wakasoma na kuoa bila kumjua mtawala mwingine.

Pamoja na majonzi likaja swali gumu: nani anafuata?

Qaboos hakuacha mtoto, na hakuwahi kumtangaza mrithi hadharani. Zaidi ya usultani, alikuwa pia waziri mkuu, waziri wa ulinzi, wa fedha na wa mambo ya nje. Akiondoka yeye, viti vyote hivyo vinabaki wazi siku moja.

Kwa nini walimlilia?

Qaboos aliingia madarakani kwa kumpindua baba yake, Sultan Said bin Taimur, kwa msaada wa Waingereza. Nchi aliyoikuta ilikuwa na shule tatu tu na kilomita chache za barabara ya lami. Pesa ya mafuta ikajenga hospitali, bandari na chuo kikuu.

Aliwaita pia Waomani waliokuwa nje warudi nyumbani. Wengi walitoka Zanzibar, walikokimbia baada ya Mapinduzi ya 1964. Ndiyo maana hadi leo ukitembea Muscat si ajabu kusikia watu wakipiga soga kwa Kiswahili. Kwa familia hizo, aliyefariki ndiye aliyewapa pa kuanzia upya.

Ila kulikuwa na upande wa pili. Vyama vya siasa vilikuwa marufuku na kumkosoa Sultan lilikuwa kosa. Mwaka 2011 vijana wa Sohar waliingia barabarani kudai ajira na kupinga rushwa. Qaboos aliwaondoa mawaziri kadhaa na kuahidi nafasi mpya za kazi, lakini madaraka makubwa yakabaki kwake.

Bahasha yafunguliwa

Sheria ya Msingi ya 1996 iliipa familia ya kifalme siku tatu kumchagua mrithi. Wakishindwa kukubaliana, ingefunguliwa barua aliyoiacha Sultan yenye jina la mtu anayempendekeza.

Familia haikusubiri hata hizo siku tatu. Iliamua barua ifunguliwe mara moja. Jina lililokutwa ndani lilikuwa la Haitham bin Tariq, binamu yake na waziri wa urithi na utamaduni. Januari 11 akaapishwa, na siku hiyohiyo Qaboos akazikwa.

Hakuna risasi iliyopigwa, hakuna mvutano ulioonekana. Wengi waliokuwa na wasiwasi walipumua.

Mrithi alibadilisha nini?

Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini. Agosti 2020 Sultan Haitham aliachia wizara ya fedha na ya mambo ya nje, akawapa watu wengine. Januari 2021, mwaka mmodi kamili baada ya kuapishwa, alitoa Sheria ya Msingi mpya: sasa usultani unakwenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Mwanawe, Theyazin, akawa mrithi wa kwanza kutambuliwa rasmi.

Kwa maneno mengine, mtu aliyepata kiti kwa njia ya bahasha ndiye aliyeifuta njia hiyo. Bahasha ilifanya kazi mara moja, kwa sababu familia ilikubali kuiheshimu. Hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba wangekubali tena.

Hata hivyo, sheria mpya inajibu swali la nani anafuata tu. Mei 2021 vijana waliingia tena barabarani Sohar, wakidai kilekile walichomdai Qaboos miaka kumi nyuma: ajira. Swali hilo halikuwa na jibu ndani ya bahasha.