Urithi Uliomo Ndani ya Damu

Tumekaa katika matanga mengi ya watu waliofariki kabla ya uzee, tukayasikia maneno yale yale: "Hata hakuwa mnene. Jana tu alikuwa mzima." Wengine hunong'ona husuda. Siku ya mtu ni ya Mwenyezi Mungu, wala hatuna neno juu yake. Lakini maradhi yana sababu, na sababu moja hukaa katika jeni.

Ini ndilo linalopunguza kolesteroli katika damu. Juu ya chembe zake kuna vipokezi, mfano wa mikono midogo, vinavyoidaka kolesteroli ipitapo. Jeni inayotoa amri ya kuvitengeneza huitwa LDLR. Mabingwa wawili wa Dallas, Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, walivigundua katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni hii, moja kwa baba na moja kwa mama. Moja ikiwa na kasoro, vipokezi hupungua na kolesteroli hupanda tangu kuzaliwa, awe mtu anakula biriani kila siku au mchicha. Haiumi; pengine huonekana uvimbe mgumu tu katika kano ya kisigino. Bila matibabu, takriban nusu ya wanaume wa hali hii hupata maradhi ya moyo kabla ya miaka 50.

Hapa pana jambo linalotugusa. Mtu kumwoa binti ami yake sharia imeruhusu, nasi hatulitii doa. Lakini babu akiwa mmoja, kasoro yaweza kuwako kwa mume na mke pia. Hapo kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kurithi nakala mbovu mbili, na moyo wake waweza kuugua kabla hajatimiza miaka 20.

Basi, mama, ikiwa kwenu au kwa mumeo yuko aliyeanguka kwa moyo angali kijana, ombeni hospitalini kipimo cha kolesteroli, nyinyi na watoto, hata walio wembamba. Mtoto wa miaka 8 si mdogo kwa kipimo hiki. Dawa za statini zipo na hufaa, ila mwenye mimba au anyonyeshaye asizitumie pasi na kumwuliza daktari. Na mmoja akikutwa na hali hii, ndugu zake wa tumbo moja wapimwe wote, wa kike kwa wa kiume.