Mpima Mionzi ni Mlinzi wa Umma

Zipo kazi ambazo matunda yake huonekana kwa macho. Daktari akimponya mgonjwa, jamaa zake humshukuru. Mhandisi akimaliza daraja, wananchi hulivuka na kulisifu. Lakini ipo kazi ambayo ikifanywa vyema hakuna kinachoonekana: hakuna aliyeungua, hakuna aliyeugua, hakuna aliyekufa. Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa kupima mionzi na kuikinga afya ya watu. Na kwa kuwa matunda yake hayaonekani, ni rahisi mno kumsahau wakati wa kugawa fedha na nafasi za masomo.

Mionzi haina rangi, haina harufu wala sauti. Mtu aweza kusimama mbele yake asihisi joto wala maumivu, kisha madhara yakamfika baada ya siku kadhaa au baada ya miaka mingi. Kwa adui wa namna hiyo macho hayafai kitu, wala ujasiri haufai. Silaha ya kwanza ni kipimo.

Ulimwengu ulijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na mara madaktari wakaanza kuzitumia bila kujua kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru. Kwa miaka mingi dalili yao kuu ilikuwa ni ngozi ya mgonjwa kugeuka nyekundu. Wao wenyewe walipatwa na vidonda visivyopona, wakakatwa vidole na mikono, na wengine wakafa kwa saratani. Mwaka 1936, katika mji wa Hamburg nchini Ujerumani, ilizinduliwa nguzo ya kumbukumbu yenye majina 169 ya madaktari, wanasayansi, wauguzi na wengine waliopoteza maisha kwa sababu ya eksirei na radiamu. Watu hao walikuwa hodari katika kazi zao. Walichokosa ni kipimo.

Miongoni mwa waliojitolea kuliziba pengo hilo alikuwa Rolf Sievert wa Sweden. Alizaliwa Stockholm mwaka 1896 katika familia yenye kiwanda cha nyaya za umeme, na angeweza kuishi kwa urithi wake bila kujisumbua. Badala yake alichagua maabara ya fizikia katika hospitali ya saratani ya Radiumhemmet, ambayo aliiongoza tangu mwaka 1924. Alitengeneza vyombo vidogo vya kupimia mionzi inayomfikia mgonjwa, na akasaidia kuhakikisha kwamba kipimo cha hospitali moja kinalingana na kipimo cha hospitali nyingine. Mwaka 1941 akawa profesa katika Taasisi ya Karolinska, na mwaka huohuo Sweden ikapitisha sheria ya kinga ya mionzi.

Maisha yake ya kisomi hayakuishia katika kuta za maabara. Alikuwamo katika kamati ya kimataifa ya kinga ya mionzi iliyoundwa Stockholm mwaka 1928, na baadaye akawa mwenyekiti wa tume iliyotokana na kamati hiyo. Mataifa makubwa yalipokuwa yakilipua mabomu ya nyuklia angani kwa majaribio, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Umoja wa Mataifa iliyochunguza athari za mionzi, kuanzia mwaka 1958 hadi 1960. Alifariki mwaka 1966. Miaka 13 baadaye, mwaka 1979, jina lake lilipewa kipimo cha kimataifa cha madhara ya mionzi kwa binadamu. Leo sheria za kinga zinaposema kwamba mfanyakazi wa mionzi asizidishe wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka, na kwamba shughuli zinazotumia mionzi zisimwongezee mwananchi wa kawaida zaidi ya milisieverti 1 kwa mwaka, mbali na matibabu yake na mionzi ya asili, zinasema kwa lugha ambayo wanazuoni wa namna hii waliitumikia maisha yao yote.

Wapo watakaouliza: yote hayo yanaihusu nini nchi isiyo na mtambo wa kuzalisha umeme wa nyuklia? Jibu limeandikwa katika mji wa Goiânia, nchini Brazil. Huko hapakuwa na mtambo wa nyuklia wala bomu. Palikuwa na zahanati iliyohama jengo lake na kuacha nyuma mashine ya kutibu saratani. Mwezi Septemba 1987 watu wawili waliotafuta chuma chakavu waliichukua sehemu ya mashine hiyo, wakaivunja na kuiuza. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliong'aa kwa rangi ya buluu gizani. Watu waliustaajabia, wakagawiana kama tunu. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita. Watu zaidi ya 112,000 ilibidi wapimwe, na 249 walikutwa wamechafuliwa na sumu hiyo.

Yafaa ielezwe jinsi msiba huo ulivyogunduliwa. Siku zaidi ya kumi na tano zilipita, wagonjwa wakidhaniwa kuwa na maradhi ya kawaida. Hatimaye daktari mmoja aliingiwa na shaka, akaitwa mwanafizikia wa tiba ambaye alikuwa ziarani tu mjini humo. Hakuwa na chombo. Ilimbidi aazime kile kinachotumiwa na wataalamu wa miamba kutafutia madini. Alipokiwasha, mshale ulikwenda mwisho kila upande alioelekea, hata akadhani chombo ni kibovu, akarudi kuchukua kingine. Alipothibitisha hatari na kufika mahali penyewe, aliwakuta askari wa zimamoto wakiwa tayari kuichukua ile sesiamu wakaitupe mtoni. Aliwazuia. Kama mtu huyo asingekuwa mjini siku ile, mto nao ungebeba sumu.

Hapo pana funzo kwa kila mtumishi wa umma. Mji mzima uliokolewa na elimu ya mtu mmoja na chombo cha kuazima. Taifa lenye busara haliachi usalama wa watu wake utegemee bahati ya mgeni aliyekuwa akipita njia.

Tanzania inazo hospitali zenye mashine za eksirei mikoani, na pale Ocean Road mionzi hutumika kutibu saratani. Ina urani ardhini katika eneo la Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo. Kwa hiyo ilikuwa hekima kutunga Sheria ya Kinga ya Mionzi mwaka 1983, na tena kutunga Sheria ya Nguvu za Atomiki mwaka 2003, iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Msingi wa sheria upo. Lakini sheria haipimi. Hupima mtu mwenye elimu, akiwa na chombo kinachosema kweli.

Mtu huyo hapatikani dukani siku ya ajali. Huanza katika darasa la fizikia la sekondari, akapitia shahada ya kwanza, kisha ya pili na ya tatu, na miaka mingi ya kazi ya maabara ambayo haina makofi wala magazeti. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kurudia kipimo mara tatu, na kuandika alichokiona badala ya kile kilichotarajiwa na kitabu, tayari ameanza kumlea mlinzi huyo. Mwalimu anayeridhika na kukaririsha kanuni anamnyima taifa mlinzi.

Watumishi wa ofisini nao wana wajibu wao. Chombo kisichosawazishwa kwa wakati ni hatari kuliko kukosa chombo, kwa kuwa huwapa watu amani ya uongo. Beji ya kupimia mionzi inayofungiwa kabatini haimlindi mfanyakazi wa chumba cha eksirei. Mashine iliyokwisha kazi ikiachwa katika ghala bila orodha wala mlinzi inaandaa Goiânia nyingine. Na mtaalamu aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima akiondolewa maabarani ili akasukume mafaili mezani, hasara si yake peke yake. Ni hasara ya umma mzima.

Hapana budi basi kazi hii ipewe heshima yake: nafasi za masomo, vyombo na fedha za kuvitunza, na ngazi ya kupanda cheo isiyomlazimu mwanazuoni kukiacha kipimo chake. Gharama hiyo itaonekana kubwa kwa anayehesabu fedha za mwaka mmoja. Kwa anayekumbuka mtoto yule wa Goiânia, ni ndogo sana. Wahenga walikwisha kuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mionzi hauonekani kwa macho. Kwa hiyo, kabla ya kuuziba, sharti awepo wa kuupima.