Ni nani anashika kamba?

Tuseme wewe ni mchimbaji wa Walikale. Kwa makuta ya kasiterite ulinunua ndama huko Masisi, na sasa amekuwa mtamba. Siku ya soko unamtuma mtoto ashike kamba. Mnunuzi anakaribia, ngombe anaruka, mtoto anavutwa katika matope. Ngombe ni mzima kabisa, lakini mnunuzi anasema, "Huyu iko na wazimu," na bei inashuka palepale. Minervali ya watoto imepotea hivyo. Jambo hili nimeliona kwa macho, tena si mara moja.

Huko Marekani watu wamelifanya kuwa mashindano, tena na farasi. Farasi kwetu hapana, najua, lakini sikiliza kwanza. Mtoto hapandi farasi. Anatembea kando yake na kamba mkononi. Anapewa mpango mbele: tembea mpaka alama hii, kimbia polepole mpaka ile, simama, rudi kinyumenyume hatua 4, geuka mahali pamoja. Kisha farasi asimame, miguu minne sawa kama ya meza, bila kusukumwa kwa mkono. Na mwamuzi hapimi uzuri wa farasi. Anampima yule mwenye kamba!

Kanuni yao moja inanipendeza sana. Mwamuzi akiwa upande wa kichwa, wewe kaa upande mwingine, usimzuie kuona. Akipita bega na kwenda nyuma, hama, ukae upande wake uleule. Kwa nini? Mnyama akishtuka, unavuta kichwa kije kwako, na matako yanakwenda mbali nanyi wote wawili. Hakuna mtu wa kupigwa teke.

Usifikiri ni mambo ya ngambo tu. Kwa jirani zetu wa Rwanda, kabla ufalme haujaisha mwaka 1961, inyambo, ngombe wa mwami wenye pembe ndefu, walizoezwa kupita mbele ya watu kwa adabu. Hata leo kule Nyanza wachungaji wanawaimbia ili watulie. Na Nairobi, katika onyesho la kilimo la Jamhuri Park, ngombe wa maziwa wanazungushwa uwanjani kwa kamba.

Basi baba, mama, anzeni na ndama angali mdogo, dakika 10 kila jioni. Tembea sambamba na kichwa chake, usimtangulie ukimvuta. Akisimama vizuri, legeza kamba mara moja. Hiyo ndiyo asante anayoielewa.

Sana sana, mtoto asizungushe kamba kwenye mkono wake, hata siku moja. Aikunje, aishike katikati ya kiganja. Ngombe wa kilo 300 akikimbia, kidole hakirudi.

Siku yenyewe, waende soko mapema, watu hawajajaa, wazunguke wote wawili wazoee kelele. Mnunuzi akija kutazama matiti, mtoto ahamie upande wake, kichwa cha ngombe kikiwa kwake.