Mcheza Kwao Hutunzwa

Kila mwaka miezi ya mwisho inapowadia, wapenzi wa sinema ulimwenguni huanza kupiga ramli. Wahakiki wa magazeti ya New York, London na Paris hupanga majina ya filamu, wakaeleza ipi ina matumaini ya kutunzwa na ipi haina. Sisi wa Afrika ya Mashariki tulizoea kuzisoma ramli hizo kama tusomavyo habari za theluji: ni za kweli, lakini hazituhusu. Mwaka 2022 zilituhusu. Tanzania ilipeleka filamu ya Vuta N'Kuvute kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kimataifa, na wale waliosikia habari hiyo wakabaki na swali moja midomoni: je, itapata?

Haikupata. Katika nchi 92 zilizokubaliwa mwaka huo zilichujwa filamu 15, kisha 5, na mwezi Machi 2023 tuzo ikachukuliwa na Ujerumani. Katika zile 15, bara zima la Afrika liliwakilishwa na Moroko peke yake. Mambo yakaishia hapo, na watu wakarudi katika shughuli zao.

Sisi twaona kwamba swali lililoulizwa halikuwa swali lenyewe. Yafaa tungaliuliza hivi: ni wananchi wangapi wa nchi iliyoipeleka filamu hiyo ambao wamepata kuiona?

Msomaji wa Unguja na Pemba hahitaji kuelezwa kisa chenyewe. Riwaya ya Vuta N'Kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, imesomwa na vijana wengi madarasani na wazee wengi barazani. Ni kisa cha Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, akamkimbia, akapata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma, na akampenda Denge, kijana aliyekuwa akiupinga utawala wa Mwingereza. Amil Shivji aliifanya filamu, na mwaka 2021 ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto nchini Kanada, ikisemwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kitanzania kuchaguliwa huko.

Je, ilistahili kupelekwa? Twajibu bila kusita kwamba ilistahili. Kiswahili chake ni cha Unguja, hakikutafsiriwa kutoka kichwani mwa mgeni. Kamera haina haraka: inavitazama vichochoro vya Mji Mkongwe kwa subira, kama mtu anayevifahamu. Wala wanawake wa filamu hii si mapambo. Wana nia zao na hofu zao. Hata hivyo si haki kuificha kasoro. Kitabu ni kipana, kina makuli, wapelelezi, magereza na watu wengi wa Ng'ambo. Filamu ya saa moja na nusu imeyachukua mapenzi ya watu wawili, na harakati zimebaki nyuma yake kama sauti isikikayo chumba cha pili. Aliyesoma kitabu hujijazia mwenyewe. Asiyekisoma, na hasa mgeni, huenda akaondoka akiwa ameuona uzuri wa nyumba bila kuelewa kwa nini watu waliokaa ndani yake walikuwa tayari kufungwa.

Maoni ya namna hii, ya kusifu na kukosoa kwa pamoja, ndiyo tuliyoyatazamia katika magazeti yetu. Tulichosoma zaidi ni habari kwamba wageni wameisifu. Mhakiki wa ng'ambo akisema, sisi tukanukuu. Ni jambo la kusikitisha kwamba hadithi iliyoandikwa kwa Kiswahili na kuigizwa kwa Kiswahili ilipimwa kwanza kwa lugha nyingine, na sisi tukapokea vipimo kama tupokeavyo vitambaa vya dukani.

Tena uhakiki wetu mchache una maradhi mawili. La kwanza ni kusifu kila kitu kwa kuwa ni chetu. La pili ni kudharau kila kitu kinachotoka Kariakoo kwa kuwa kimetoka Kariakoo. Maradhi haya ya pili ndiyo mabaya zaidi, na yafaa tuyaeleze.

Mzanzibari ashukaye botini katika bandari ya Dar es Salaam huwa na safari ya Kariakoo, hata kama alikuja kwa shughuli nyingine. Huko, katika mitaa ya Aggrey na Likoma, kwa miaka mingi ndiko kulikokuwa na soko la filamu za Kitanzania. Baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 kupendwa, maduka yalijaa kanda, na baadaye sahani. Waigizaji kama marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, walipata umaarufu wao kwa mikono ya wachuuzi wa mitaa ile, ambao walizifikisha filamu zao Mtwara, Ujiji, Mkokotoni na Wete. Hakuna mhakiki wa gazeti aliyewasaidia. Mnunuzi alisimama mbele ya meza, akauliza, "Hii kali?" Mchuuzi akajibu, na kesho yake mnunuzi akarudi kumshukuru au kumgombeza.

Hiyo nayo ilikuwa mahakama ya sanaa. Ilikuwa na upungufu wake: ilipenda vilio virefu, na ilivumilia sauti mbovu na hadithi iliyokatwa sehemu mbili ili iuzwe mara mbili. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo kamati ya kuteua filamu ya kwenda Marekani haina, nalo ni watazamaji. Katika vibanda vya kuonyeshea filamu, ambavyo wananchi wameviita vibanda umiza kwa sababu ya mabenchi yake, watu walikuwa wakisikiliza filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani zikisimuliwa kwa Kiswahili na wafasiri kama Lufufu na DJ Mark. Watu hawa hawakukosa hamu ya sinema. Walikosa mahali pa heshima pa kuitazamia.

Mwezi Aprili 2017 waigizaji waliandamana katika mitaa ya Kariakoo wakipinga filamu za nje zilizouzwa kwa bei ya kutupa bila kulipiwa kodi. Walikuwa na haki ya kulalamika, kwani stempu za kodi zilikwisha kuwekwa juu ya kazi zao tangu 2013, na mnyonge hulipa pale ambapo mjanja hupita. Lakini mchuuzi wa barabarani hakuwa adui. Yeye alikuwa ukumbi wa mwisho uliobaki. Sasa watu wamehamia kwenye simu na televisheni, meza za sahani zimepungua, na hata ukumbi ule wa mwisho unatoweka.

Hatuna budi kukumbuka kwamba haikuwa hivi siku zote. Wazee wa Dar es Salaam watakutajieni Empire, Avalon, Empress, Odeon na Cameo kama wanavyotaja majina ya jamaa waliofariki. Kulikuwa na sinema ya magari iliyofunguliwa mwaka 1966. Kiwanja chake leo kina ubalozi wa Marekani. Unguja kulikuwa na Majestic ya Vuga na Cine Afrique. Pemba, watu wa Wete na Chake Chake nao walikuwa na kumbi zao. Jumapili familia nzima ilivaa, ikatoka. Mtoto wa kuli na mtoto wa karani walicheka mahali pamoja, kwa kitu kimoja, ijapokuwa hawakukaa viti vya bei moja.

Tena mambo hayo hayakuwa ya watu binafsi tu. Mwaka 1968 Serikali iliunda Shirika la Filamu Tanzania. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na majengo ya sinema yalikuwemo. Katika miaka ya 1970 na 1980 zikatengenezwa filamu za Fimbo ya Mnyonge, Arusi ya Mariamu na Yomba Yomba. Kwa hiyo ukumbi wa sinema uliwahi kuwa mali ya wananchi kwa sheria. Ulipokufa, kwa kuchakaa, kwa kukosa filamu mpya na kwa ushindani wa video, hakuna aliyeulizwa.

Matokeo yake ni haya. Filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar ni Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001, ambamo Profesa Amandina Lihamba aliigiza mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi. Ya pili ni Vuta N'Kuvute, mwaka 2022. Baina ya hizo mbili ilipita miaka 21. Kijana aliyezaliwa wakati wa ile ya kwanza alikuwa mtu mzima ilipopelekwa ya pili, na yamkini hakuiona hata moja katika ukumbi.

Watu husema kwamba Mwafrika hapewi tuzo hiyo. Si kweli, japo ni nadra. Aljeria iliipata kwa filamu ya Z, Kodivaa ikaipata katika miaka ya 1970, na Afrika ya Kusini ikaipata mwaka 2006 kwa Tsotsi. Jirani zetu wa Kenya wamekuwa wakipeleka filamu tangu 2012, na mojawapo, Subira ya mwaka 2018, ni kisa cha msichana wa Lamu. Hawajapata, lakini wanarudi, na anayerudi hujulikana. Nchi inayopeleka filamu mara moja katika miaka 21 ni kama mgeni anayebisha hodi saa nane za usiku: hata akiwa mwema, wenyeji wanauliza kwanza ni nani.

Liko jambo katika kanuni za tuzo hizo ambalo lingetuamsha. Filamu haikubaliwi mpaka iwe imeonyeshwa kwa siku 7 mfululizo katika ukumbi wa biashara. Mwaka 2018 filamu moja ya Kenya, Rafiki, iliyokuwa imepigwa marufuku, iliruhusiwa na mahakama kwa siku 7 tu ili itimize sharti hilo. Tusijadili hapa ubaya au uzuri wa marufuku, tutazame sharti. Hata Wamarekani, wenye kila aina ya mitambo, wanasema kwamba filamu isiyokaa na watu ukumbini kwa juma moja bado haijawa filamu ya kushindanishwa. Sisi twalitimiza sharti hilo katika kumbi za maduka makubwa ya nje ya katikati ya mji, ambako mchukuzi wa Kariakoo hafiki, na mkaazi wa Makunduchi hana habari.

Twajua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba Serikali ina hospitali za kujenga na maji ya kusambaza, na kwamba soko lenyewe la Kariakoo, lililoungua Julai 2021, lilihitaji fedha nyingi kulijenga upya. Yote ni kweli. Lakini hatuombi jumba la dhahabu. Twaomba mambo matatu yasiyokuwa makubwa.

Kwanza, uwepo ukumbi mmoja wa umma katikati ya Dar es Salaam, mahali panapofikika kwa miguu kutoka Kariakoo, na mmoja Ng'ambo ya Unguja, na mmoja Pemba, ambako filamu za Kiswahili zitaonyeshwa kwa kiingilio ambacho mchuuzi anakimudu. Tamasha la ZIFF limetuonyesha tangu 1998 kwamba watu hujaa Ngome Kongwe mlango ukifunguliwa. Jambo la siku chache kila mwaka lingeweza kuwa jambo la kila juma.

Pili, Bodi ya Filamu ya Bara, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1976, na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar, zikae meza moja. Filamu kama Vuta N'Kuvute ni ya Visiwani kwa kisa na ya Tanzania kwa bendera. Mtengenezaji wa filamu asizungushwe baina ya milango miwili kama mtu aliyepotelewa na cheti cha kuzaliwa. Na kamati inayoteua filamu ya kwenda nje itangaze mapema ni filamu zipi zimeletwa, na kwa sababu gani moja ilichaguliwa, ili wananchi wabishane kwa ushahidi.

Tatu, magazeti yetu, likiwemo hili, yatenge nafasi ya uhakiki wa filamu kwa Kiswahili safi, ulioandikwa na watu waliozitazama. Tusingoje The Empty Grave, inayoeleza masalia ya wazee wetu waliochukuliwa na Wajerumani, ioneshwe Berlin mwaka 2024 ndipo tujue kwamba kuna msiba uliotuhusu.

Hatusemi kwamba tuzo za nje hazina maana. Zina maana, na siku moja moja huleta fedha na heshima. Tunachosema ni kwamba tuzo ni mwisho wa safari, na safari huanzia nyumbani, katika ukumbi, mbele ya watu wanaoielewa lugha na wasioogopa kusema kwamba sehemu hii imetuchosha. Msanii aliyekwisha kupita mbele ya watazamaji wa Kariakoo na wa Ng'ambo hana mahakama nyingine ya kuiogopa.

Wahenga hawakusema kwamba mcheza ugenini hutunzwa. Walisema mcheza kwao. Lakini ili acheze kwao, sharti kwao pawe na uwanja. Wenye dhamana ya kuutoa uwanja huo wamo katika maofisi ya Dar es Salaam na Unguja, na twaamini wanasoma maneno haya.