Picha Moja, Watu Watatu, Aliyekatwa Ni Yule Yule

Jina kapuni. Ni dada mmoja wa Bongo Fleva, bado anachipukia, alipata bahati ya kupiga picha jukwaani na mastaa wawili wakubwa. Wao kushoto na katikati, yeye kulia. Taa zimewaka, kapendeza kweli kweli. Asubuhi yake picha ikatua kwenye kurasa za burudani. Kichwa cha habari kinataja watu watatu, picha ina watu wawili na bega. Bega tu, na kamkono kameshika maiki.

Mashabiki wakaanza yao: kafanyiwa makusudi, kuna bifu, meneja wa fulani hampendi. Wala! Aliyepandisha picha aliidondosha kwenye boksi la mraba, ukurasa ukabakiza katikati na kutupa pembeni, naye akabonyeza kuchapisha akaenda zake kunywa chai.

Wakiulizwa, jibu lao ni moja: "Mtandao ndiyo umekata." Hapo sasa. Mtandao haukati kwa hiari yake. Kwenye maagizo ya ukurasa mtu huchagua picha ijaze boksi lote, kinachozidi kikatwe, au iingie yote hata kama pembeni patabaki peupe. Tofauti ni neno moja. Na hata akitaka ijae, anaweza kuuambia ukurasa ushikilie upande wa kulia, au juu kwenye sura. Asiposema kitu, unashika katikati. Na katikati, kama mjini kote, husimama mwenye jina.

Haya mambo yana historia. Januari 2020 huko Davos, Uswisi, wasichana watano wanaharakati wa tabianchi walipiga picha pamoja. Wanne wazungu, mmoja Mganda, kasimama mwisho kushoto. Shirika moja kubwa la habari likaisambaza ikiwa na wanne. Maelezo ya mwanzo? Eti jengo lililokuwa nyuma yake lilikuwa linaharibu mwonekano. Dada akahoji hadharani, dunia ikawaka, shirika likaomba radhi. Mwaka huohuo watu wakaanza kuulalamikia mtandao wa Twitter kwamba mashine yake ya kukata picha inachagua sura za wazungu. 2021 kampuni ikachapisha uchunguzi wake yenyewe, ikakiri kuna upendeleo, na picha za kawaida zikaanza kuonekana nzima.

Kuna wengine hawakati, wanavuta. Picha ya wima inalazimishwa ilale, kaka wa watu mwembamba anatokea na uso kama sinia la pilau. Hili halina hata utetezi. Ukitaja upana na urefu kwa kukisia, lazima mtu atanuke. Taja upana peke yake, urefu utajifuata. Wikipedia ndivyo inavyofanya: unaandika upana kwa pikseli, basi. Picha inakaa kulia, maandishi yanaizunguka. Na wahariri wake wengi hupendelea mtu aangalie upande wa maandishi, maana akiangalia nje anaonekana kama anataka kuondoka kwenye habari yake mwenyewe.

Halafu mastaa wanaonuna kwamba picha yao ya Wikipedia ni ya miaka hiyo, wako mbali, wamefumba macho, nao wajiulize. Kule huwezi kuchukua picha ya Instagram ukabandika tu, itafutwa. Inatakiwa ile ambayo mwenye haki ameiruhusu itumiwe na yeyote, hata kwa biashara. Meneja anayelipa mpiga picha kila wiki anashindwa kuomba picha moja iachiwe? Anachojua ni kulalamika.

Anayeumia kimyakimya ni msomaji. Ukurasa unaonyesha picha ya upana wa pikseli 400, kumbe faili lililopandishwa lina 4,000, mara kumi kwa upana na mara kumi kwa urefu. Simu inapakua dude zima, pikseli mara mia ya zinazoonekana. Mtoto wa watu kajiunga bando la buku, kafungua habari tatu za umbea, bando limekata. Kupunguza faili kabla ya kupandisha ni kazi ya dakika moja, lakini bando si la kwao, wana haraka gani?

Yule dada alituma ujumbe kwa kurasa mbili akiomba picha ibadilishwe. Mmoja ukabadilisha, mwingine ukamjibu kwa kicheko. Siku hizi akiitwa kwenye picha ya pamoja anapenya hadi katikati, anasimama hapo, hasogei. Sasa wanaandika kwamba anajisikia.